Nishani ya Abeli Nyenza

Sogeeni karibu, mniamulie jambo lililowashinda wenyewe.

Uheheni walitoka askari watatu, marafiki. Gervas Kalinga alikuwa na sikio: aliwahi kuwapikia mapadre Waitaliano, akaokota lugha yao jikoni. Zakaria Kihwele alikuwa na sauti: akiiga kikohozi chako, mkeo angempelekea yeye maji. Na Abeli Nyenza, mwana wa wawindaji, alikuwa na miguu. Hapotei hata katika nchi asiyoijua.

Vita vya Wazungu viliwapeleka jangwani, mbali kaskazini. Huko kikosi chao kikazingirwa, wakatekwa na Waitaliano, wakafungiwa ndani ya seng'enge.

Gervas akajitolea kuwapikia walinzi. Mateka wenzake wakamtemea mate. "Msaliti! Umeuza nchi kwa ukoko wa chungu?" Alizidi kukoroga sufuria huku akisikiliza. Siku moja alirudi, akamnong'oneza Abeli, "Wametega mabomu kwenye barabara ya bondeni. Malori ya wenzetu yatapita pale, yamejaa watu."

Zakaria, aliyeketi nao, akasema, "Nenda, Abeli. Jina lako likiitwa, nitaliitikia mimi."

"Wakikugundua?"

"Wewe nenda. Ukikaa kuniuliza maswali, malori hayatakungoja."

Dhoruba ya mchanga ilipovuma, Abeli akapenya chini ya seng'enge. Viatu vilipasuka njiani, mchanga ukamla nyayo. Alifika kwa wenzao akitambaa, ulimi umevimba, akatoa habari neno moja moja. Malori yakasimamishwa, hakufa mtu. Lakini daktari alimkata vidole vyote vya miguu, na mwana wa wawindaji hakuwinda tena.

Kule kambini, Zakaria aliitikia majina mawili, lake na la rafiki yake, mpaka mlinzi mmoja akamtazama mdomo. Walimpiga ili aseme Abeli ameelekea wapi. Hakusema, hata akafa. Wenzake walimzika mchangani.

Vita vikaisha. Serikali ikatoa nishani moja. Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, akaifunga kifuani mwa Abeli mbele ya umati.

"Bwana," Abeli akasema, "tulikuwa watatu."

Mkalimani hakutafsiri. Alimwinamia tu sikioni: "Nishani si nyama, mzee, haigawanywi. Piga saluti."

Akapiga. Watu wakashangilia, naye akamwona Gervas pembeni, amesimama peke yake. Abeli alikwisha kuwaeleza watu ukweli, tena na tena. Lakini mateka waliorudi walimwona Gervas kwa macho yao akiwapakulia walinzi chakula. Walisema Abeli anamfichia rafiki yake aibu.

Baada ya siku chache Gervas akaja kwake.

"Kamwene, ndugu yangu."

"Kamwene."

"Sitafuti sifa. Binti yangu hapati mchumba. Wanasema ni damu ya msaliti. Nikionekana na nishani hiyo kifuani, watanyamaza."

Kabla hajaondoka, akaingia Yustina, mjane wa Zakaria. Alisikia walichokuwa wakizungumza, akaketi mkekani.

"Shemeji," alimwambia Abeli, "wewe umerudi na miguu, hata kama mibovu. Kalinga amerudi na uhai, hata kama unasemwa. Mimi sina hata kaburi la kupalilia. Nipe kitu cha kushika."

Mke wa Abeli akatoka jikoni, macho yamemwiva. "Na huyu je? Kila asubuhi namfunga vitambaa miguuni kama mtoto. Akiitoa, abaki na nini? Magongo?"

Abeli aliinamisha kichwa. Kilichomwumiza ni hiki, ambacho hakumwambia mtu: alikuwa akiivaa mle ndani akiwa peke yake, na kila alipoivaa, alisahau miguu yake. Aliitaka. Alijionea haya kwa kuitaka, na bado aliitaka.

Akaitoa mfukoni mwa shati, akaiweka mkekani katikati yao. Hakuna aliyenyoosha mkono. Hakuna aliyeinuka kuondoka.

Bila sikio la Gervas, habari isingejulikana. Bila miguu ya Abeli, isingefika. Bila Zakaria, Abeli angefuatwa na kukamatwa. Mmoja alipoteza jina, mmoja miguu, mmoja uhai.

Nawe uliyenisikiliza, ungekuwa umeketi mkekani pale, ungeiokota ukamkabidhi nani? Na wale wawili ungewatazama usoni ukawaambia nini?