Siku Miche Iliponyang'anywa Sauti

Weka hiyo ndoo chini kwanza. Ndiyo, wewe. Umeona mche umelegea, mara mbio kisimani, hata kuutazama hujautazama. Na ninyi wengine mnaocheka, juzi mlifanya yaleyale. Kaeni. Habari hii si fupi na miguu ya kila mtu hapa imechoka, lakini afadhali isemwe leo kuliko kuzika kitalu kingine.

Zamani miche ilikuwa na sauti. Si mimea mikubwa, la. Mmea ukishatoa ua ulinyamaza wenyewe, ukashika shughuli zake. Ila miche ya kitaluni, ile ya majani mawili matatu, ilisema kutwa nzima. "Nina kiu!" "Jua linaniunguza!" "Huyu jirani ananisukuma!" Kwa hiyo watu wa mlimani hawakujua kuinama. Mtu alisimama kando ya kitalu, mikono kiunoni, akauliza, "Haya, leo mnataka nini?" Akaambiwa, akatoa, akaenda zake.

Taabu ni kwamba miche ni watoto. Mtoto anajua kwamba anaumwa, hajui anaumwa nini. Mche wenye vidukari chini ya jani ulilia kwamba unawashwa, na hapo ulisema kweli. Lakini mche uliokatwa shina na sota, yule funza mnene anayejikunja udongoni, ulianguka huku ukipiga kelele kwamba ni upepo. Basi watu wakajenga uzio wa kukinga upepo, na sota akala tuta zima kwa raha zake.

Huku mlimani aliishi mwanamke jina lake Namkunda, mke wa Senzighe. Yeye ndiye aliyeitwa kila kitalu kilipozidi kelele, maana alikuwa na mkono mwepesi na subira. Na watu wakishajua una subira, basi umekwisha. Asubuhi alikuwa kwa huyu, mchana kwa yule, chakula anakula amesimama. Hata akikaa kwake masikio yalimvuma, kiu, kiu, kiu. Alichoka. Si ule uchovu wa kulala ukaamka mzima. Ni ule ambao mtu akikusalimu unaona amekuonea.

Ukaja mwaka wa nzige. Walikula kila kilichokuwa kijani, wakaondoka. Mbegu ya ngogwe, ile nyanya chungu iliyowavusha watu miezi ya njaa, ikabaki nyumba moja tu, kwa Nakijwa, mama mkwe wake Namkunda: konzi moja ndani ya kibuyu chenye majivu. Watu wakakubaliana isigawanywe, ioteshwe kitalu kimoja, kwa Namkunda. Nakijwa alimkabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

"Mwanangu, ndiyo hii," alisema. "Nyingine hakuna."

Mbegu ziliota vizuri. Namkunda alikiezeka kitalu kwa majani ya migomba, akayapanga mazito ili jua lisipenye hata chembe. Akamwagilia asubuhi na jioni. Siku ya tisa miche ikaanza: "Kiu!" Akaongeza maji. Kesho yake ikalia, "Tunakufa kwa kiu!" na kweli majani yalikuwa yamelegea. Akaongeza tena. Akipanda kutoka kijitoni na mtungi kichwani aliisikia tangu bondeni, akakaza mwendo na goti linamuuma. Siku ya tatu ya kilio hicho miche ikaanza kuanguka. Shina lilikuwa limesinyaa palepale linapotoka udongoni, limekuwa jembamba kama uzi, na mche umelala chini bado unasema kiu.

Namkunda akaketi. Hakuketi kwa kufikiri, aliketi kwa sababu miguu ilikataa. Akajikuta, kwa mara ya kwanza maishani mwake, macho yake yako sawa na miche. Akauokota mmoja ulioanguka. Mizizi ilikuwa ya kahawia, inateleza, inanuka kama mtungi uliosahauliwa na maji yake. Akatia kidole udongoni. Kikazama mpaka pingili ya pili, kikatoka kinachuruzika.

"Jamani," alisema. "Nimewazamisha."

Miche haikuwa imemdanganya, kiu ilikuwa nayo. Ila mizizi imeoza, itanywa kwa kitu gani? Kila mtungi aliobeba kwa goti lile bovu ulikuwa umeizidishia kifo.

Miche kumi na minne ilikuwa bado imesimama. Namkunda akaondoa nusu ya majani ya migomba ili hewa ipite. Akang'oa iliyokufa, akaitupa mbali na kitalu. Akanyunyiza majivu makavu. Kisha akageuza mtungi kifudifudi, akakaa kuisikiliza ikilia.

Wee! Ililia. Ilimwita kwa jina. "Namkunda, tumekukosea nini?" Naye alilia, machozi yanamdondoka mapajani, lakini mtungi hakuugusa. Saa sita mchana usingizi ukampitia palepale alipokaa. Akazindushwa na mlio wa maji. Nakijwa alikuwa amesimama juu yake na kibuyu kikubwa, anamwaga.

"Mama! Acha!"

"Niache nini? Watoto wanalia mpaka nyumbani kwangu nasikia, na wewe umekaa unawatazama. Una roho ya namna gani, Namkunda?"

Namkunda alitaka kumweleza habari ya mizizi. Akamwonyesha udongo kwa kidole, lakini Nakijwa alikuwa anatazama majani tu. Na mama mkwe hafukuzwi. Jioni ile miche mitano ikaanguka. Kesho yake jirani mmoja, mtu mwema kabisa, akapita na maji yake, akaihurumia. Mitatu mingine ikaanguka. Ikabaki sita.

Hapo Namkunda akalala kifudifudi, akaweka mdomo kwenye tundu alipong'oa mche mmoja, akasema, "Ardhi, wewe ndiye uliyeipa sauti. Ichukue. Watu wema wataniulia hii iliyobaki, na mimi sina nguvu ya kupigana na kila mwenye huruma."

Ardhi ikajibu taratibu. "Nikiichukua, haitalia hata inapoumwa. Sota ataikata kimya. Vidukari wataifyonza kimya. Utajuaje?"

"Nitapiga magoti. Nitageuza jani, nitazame chini yake. Nitatia kidole."

"Kila siku? Wewe, na wanao, na wana wao?"

"Kila siku," alisema Namkunda. "Kusimama ndiko kulikonichosha."

Hapo sauti ya miche ikakatika. Mche mmoja ulikuwa umefika katikati ya jina lake, "Namku...", ukaishia hapo. Mlima mzima ukawa kimya, vitalu vyote, mpaka watu wakatoka majumbani kutazama kuna nini. Nakijwa akaja mbio kwa kadiri ya miguu yake, kibuyu mkononi.

"Imekufa?"

"Hapana, mama. Imenyamaza. Njoo upige magoti hapa, utie kidole."

Mzee akapiga magoti kwa taabu, akashikilia bega la mkwe wake. Akatia kidole, akakitoa, akakitazama kinavyodondosha maji. Akakitazama sana. Kisha akaweka kibuyu chini pole pole.

"Na mimi ndiye niliyewapa maji haya," alisema, akajifunika uso kwa kanga ya mkwe wake.

Miche mitatu ilipona. Ngogwe zote mnazokula mlimani humu zimetoka kwenye hiyo mitatu. Namkunda alizeeka na sugu magotini. Wanasema kuna siku alipiga magoti kitaluni, akahakikisha hakuna mtu, akaiambia miche, "Semeni basi, hata neno moja." Haikusema. Akageuza jani, akaendelea na kazi.

Na tangu siku hiyo mche hauna neno. Umebakiwa na kulegea tu, nao unalegea vilevile ukiwa na kiu na ukiwa umezama. Ndiyo sababu hapa kwetu mtu haingii kitaluni na maji mkononi. Anapiga magoti kwanza. Akiona shina limekatwa anafukua pembeni amtafute sota. Akiona jani limejikunja anageuza. Akiona umelegea anatia kidole, kabla hajahurumia.

Haya, mwenye ndoo. Goti chini. Kidole, mpaka pingili ya pili. Tuoneshe.

Kimelowa, sivyo? Basi ndoo hiyo nenda kaogee.