Amplifaya ya Mzee Kiboko

Paukwa?
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa sauti.
Ilifika?
Tusimulie tujue.

Basi, palikuwa na ukoo wa pimbi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaokaa majabalini. Walilima viazi vitamu chini ya kilima. Wenzake wakilima, mmoja wao alikaa juu ya jabali kumwangalia Tai asije. Akimwona, alilia, "Kwii, kwii," na wote wakakimbilia mapangoni.

Mwaka ule walipanua shamba hadi karibu na mto, na sauti ya mlinzi haikufika tena. Mlinzi alilia kwii, kwii, lakini Tai akashuka, fyuu, akamchukua mtoto wa Bi Mashavu. Ukoo mzima ulilia. Matanga yalipoondolewa, wakakubaliana kutafuta kitu cha kukuza sauti.

Huko mtoni aliishi Mzee Kiboko, mkubwa wa mwili na mkubwa wa tamaa. Aliuza amplifaya ndogo kama tofali. Unasemea kwenye maiki, sauti inatoka kwenye spika. Lakini siku zile mnyama hakununua chombo cha muziki mpaka amsikie Kasuku. Kasuku ndiye aliyevijaribu vyombo na kuwaeleza wengine.

Kasuku akasimama mbele ya pimbi. "Nimeisikiliza mwenyewe," alisema. "Sauti yake nyororo kama samli. Haikwaruzi. Sijasikia tamu kama hii."

Pimbi wakatoa viazi vyao vyote, akiba ya kuwavusha kiangazi, wakapewa amplifaya. Wakaipandisha jabalini. Mlinzi akasema, "Kwii." Pale karibu ilikuwa tamu kweli. Shambani hawakusikia kitu. Wakaongeza sauti mpaka mwisho. Krrr, krrr, puu. Kimya.

Bi Mashavu akaibeba mpaka mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba, Bi Mashavu."

"Chombo hiki hakifiki shambani."

"Nani alikwambia kinafika shambani?"

"Kasuku alikisifu."

"Alisifu utamu. Utamu upo, haupo?"

"Upo."

"Basi. Viazi nimekwisha kupokea." Akapiga mwayo, akazama.

Bi Mashavu akaenda kwa Kasuku, akamkuta anabangua karanga.

"Kasuku, uliisikilizia wapi ile amplifaya?"

"Chumbani kwa Mzee Kiboko. Mlango ulifungwa."

"Na nje?"

Kasuku akainamisha kichwa. "Nje haina nguvu. Ni ya chumbani."

"Ulijua, ukanyamaza."

"Nilichosema kilikuwa kweli, Bi Mashavu."

"Sijasema ulidanganya. Nauliza mbona ulinyamaza."

Kasuku akabangua karanga nyingine. "Ningesema, nisingeitwa tena," akajibu. "Hizi karanga ni zake."

Bi Mashavu hakumgombeza. Alirudi kwake, akakaa mlangoni pa pango, akafikiri.

Siku ya gulio wateja walijaa kwa Mzee Kiboko. Nyani alikuwapo, Ngiri alikuwapo, na kanga kutoka ng'ambo. Bi Mashavu akaja, akaketi mbele kabisa.

"Mzee," akasema kwa upole, "ghala lako limejaa. Na jua likiwaka huna budi kuingia mtoni, ngozi isikauke. Nani hulinda?"

"Sina mlinzi."

"Na amplifaya zote hizi? Mweke Kasuku ghalani na moja. Akiona mwizi ataita, nawe utasikia huko mtoni. Au haifiki?"

Nyani akainua uso. "Hata mimi nataka kujua. Inafika?"

Mzee Kiboko akawatazama wateja. Akisema haifiki, biashara imekufa.

"Inafika," akasema. "Inafika na kupita."

"Basi kesho tutakuja tuone," akasema Ngiri. "Ukilinda nayo mali yako mwenyewe, nasi tutanunua."

Kesho yake jua likawaka. Kiboko akavumilia, akavumilia, ngozi ikaanza kumchoma. Akaingia mtoni, chubwi, ikabaki pua juu ya maji. Kasuku alikuwa mlangoni pa ghala na maiki. Nyani na Ngiri walikaa kivulini wakisikiliza.

Pimbi wakaja na vikapu, polepole, kama wanaokwenda shamba.

"Habari za kazi, Kasuku," akasema Bi Mashavu.

"Nzuri. Mmefuata nini?"

"Viazi vyetu. Nawe fanya kazi yako, ita."

Kasuku akaita, "Mzee Kiboko, wezi." Sauti ikatoka nyororo kama samli. Kule mtoni Kiboko alikuwa anapuliza maji, bwa, bwa, bwa. Kasuku akaongeza sauti mpaka mwisho. Krrr, krrr, puu. Kimya.

"Umeita?" Bi Mashavu akauliza.

"Nimeita."

"Vizuri. Hebu sogea kidogo, kikapu hiki kipana."

Wakachukua viazi vyao. Mahindi ya Kiboko hawakuyagusa. Ile amplifaya waliyopewa wakamwachia mlangoni, wakashika njia.

Jua lilipopoa Kiboko akatoka majini, akaona ghala halina viazi.

"Kasuku, mbona hukuniita?"

"Niliita, mzee. Waulize hawa."

"Aliita," akasema Nyani. "Sauti tamu sana. Sisi tulikuwa hapa karibu."

"Ila wewe hukuja," akasema Ngiri. "Hukusikia?"

Wote wakamtazama. Kiboko akapangusa maji usoni. Akisema hakusikia, amejiumbua.

"Nilisikia," akasema mwishowe. "Viazi ni vyao. Nimewaruhusu."

"Una moyo mkubwa, mzee," akasema Ngiri. Akainuka, akaenda zake bila kununua kitu. Nyani akamfuata.

Mtoto wa Bi Mashavu hakurudi, aliyechukuliwa na Tai harudi. Lakini pimbi waliweka mlinzi wa pili katikati ya kilima. Wa juu akilia kwii, wa kati anapokea kwii, na shambani wanasikia. Kasuku naye alianza kusema, "Ni tamu, ila ni ya chumbani." Akakonda kidogo.

Sasa funzo, wanangu. Ukipewa karanga, sifu. Kasoro ya chombo usiitaje, mnunuzi ataigundua mwenyewe, na kujionea ni bora kuliko kuambiwa. Ila jambo moja: unachokiuza hivyo, usikitumie kulinda ghala lako.

Ngano nimeitua. Anayeitaka na ajitwike.