Shanga Aliyeshona Sare ya Moyo

"Kwa nini Moyo apige ngoma peke yake, na ashangiliwe peke yake?"

Shanga aliuliza hivyo akiwa mlangoni pa Koo. Ndipo balaa lilipoanzia.

Nije nisije?
Njoo, tumeshakaa!
Nije na nini?
Na uongo mtamu!
Basi sogeeni.

Paliondokea mwili wa mtoto wa kike wa miaka tisa, jina lake Zawena. Ndani yake mlikuwa na harusi isiyokwisha. Kila mwenyeji alivaa sare, kitambaa kimoja, rangi moja, na kamati za harusi mnazijua: huna sare, huingii.

Mlangoni alikaa Mmezaji, chembe nyeupe ya damu, tumbo kama pipa. Kazi yake kukagua, raha yake kumeza.

"Sare?"
"Hii hapa, mzee."
"Pita."

"Sare?"
"Nimeisahau nyumbani."
Kwapu! Kamezwa.

Shanga alikuwa bakteria, mdogo, mviringo, akitembea na ndugu zake kwa mstari kama ushanga uzini. Aliletwa na kijiko walichotumia pamoja Zawena na binamu yake. Akajibanza nyuma ya tonsili, tezi la kooni, akasikiliza. Du-dum, du-dum! Moyo huyo, na damu yote inapita kumsalimu. Wivu ukamkaba Shanga.

"Ana nini yule nisichokuwa nacho? Kitambaa tu!"

Akakusanya sukari ileile wanayotumia wenyeji kushonea sare zao, akashona yake. Shona, shona, shona. Akajipanga foleni.

"Sare?"
"Hii hapa, mzee wangu. Na tumbo hilo limekupendeza."
"Pita, kijana!"

Hakupapasa hata mshono! Mlinzi mzima anasifiwa tumbo, anafungua mlango. Mimi ningemfukuza kazi siku hiyohiyo.

Ndani, Shanga akala, akatema sumu. Mmoja akawa wawili, wawili wakawa wanne, wote na sare zao. Koo likavimba, mwili ukachemka. Mama yake Zawena akasema, "Ni mafua tu, mwanangu, sukutua maji ya chumvi."

Siku ya tano Mmezaji akamkamata Shanga mmoja ambaye sare yake imechanika.

"Kumbe ya kughushi! Nakumeza!"

"Nimeze, mzee, nimestahili," akasema Shanga. "Ila nikuulize. Nani anakesha mlangoni?"
"Mimi."
"Nani anapigiwa vigelegele?"
Mmezaji akageukia upande wa ngoma.
"Ni Moyo, sivyo? Hebu mtazame. Kavaa kitambaa kama changu. Una uhakika ni wa nyumbani?"

Kwapu! Akammeza. Lakini maneno hayakumezeka. Miaka tisa ya kukaa mlangoni ikamrudia Mmezaji yote, ikamchoma. Akawaita kingamwili, wapiga mishale wa nyumba, akawaonyesha kipande cha ile sare.

"Mkimwona mwenye kitambaa hiki, pigeni!"

"Hata Moyo?"

"Hasa Moyo. Kwani yeye nani?"

Wakawapiga akina Shanga kooni, wakawamaliza. Mama akafurahi kuona homa imeshuka. Wiki ya tatu wapiga mishale wakafika kwa Moyo.

"Jamani, mimi ndugu yenu! Sare hii nimezaliwa nayo!"

"Hata Shanga alijifanya wa nyumbani."

Chwi! Chwi! Chwi! Mishale ikaingia kwenye milango ya Moyo, milango ikapata makovu, haifungi sawasawa tena. Du-dum ikawa du-shwii-dum. Siku hizi Zawena akipanda ngazi za shule, anakaa katikati kupumua.

Na akina Shanga? Mnadhani waliisha! Mmoja alikuwa ametoka zamani, siku ya pili ya homa. Zawena alikohoa, khoo! Naye akarukia kooni kwa mtoto wa jirani, akajipanga foleni.

"Sare?"
"Hii hapa, mzee."

Mmezaji alipewa cheti cha mlinzi bora, kwa sababu wageni waliisha. Waliomkabidhi wote walivaa sare.

Funzo la hadithi yetu: wivu haumfikishi mtu popote. Mwamini kila aliyevaa kama wewe, na mlinzi akikosea, mpigieni makofi.

Nimeikunja, nimeiweka, anayeitaka aikunjue kwake.

Mtoto wako akikwambia koo linauma na mwili una joto, naomba umpeleke zahanati siku hiyohiyo, dawa iwamalize akina Shanga kabla wapiga mishale hawajafika kwa Moyo.