Kobe Aliyeposewa Mke

Ndugu zangu, kabla hatujalifungua Neno la leo, naomba mnivumilie niseme habari za kobe. Ndiyo, kobe. Mama kiongozi wa kwaya, usinitazame hivyo, tutafika tu.

Kulikuwa na fundi seremala mmoja, mtu mwema, mchapakazi, mwenye mke na watoto watatu. Kabati akikutengenezea yeye, mlango wake utafunga vizuri mpaka wajukuu zako waurithi. Baba yake alipofariki kijijini, fundi huyu hakutaka mama yake abaki peke yake. Akamfuata. Mama akaja mjini na vitu viwili tu: kapu la nguo, na kobe ambaye marehemu alimfuga miaka mingi. Fundi akamjengea mama chumba kizuri uani, kitanda kipya, dirisha lenye wavu wa mbu. Kobe naye akaachiwa uani kote atambe.

Mwaka ukapita. Mchana fundi yuko karakana, mke yuko dukani, watoto shule. Jioni wote wako sebuleni mbele ya televisheni. Chakula cha mama kinapelekwa chumbani kwake kwenye sahani iliyofunikwa, tena kikiwa cha moto. Msije mkasema walimtesa.

Siku moja fundi akapita uani kuchukua mbao, akamwona kobe ametulia tuli mlangoni kwa mama. Kesho yake, palepale. Kesho kutwa, palepale. Roho ikamuuma. Akamwambia mkewe, "Mama watoto, huyu kobe ni mpweke. Kiumbe hawezi kukaa hivi siku nzima bila mwenzake. Tumtafutie mke."

Na hakufanya utani! Alisikia mtaa wa pili yuko mzee anayefuga kobe, akaona kwenda kuomba hivi hivi ni kukosa adabu. Akatafuta mshenga. Wakaenda wawili, mashati yamenyooshwa kwa pasi, na kreti la soda, na doti ya khanga kwa mke wa mzee. Mshenga akakohoa, akasema, "Mzee, tumeona ua zuri katika nyumba hii."

Mzee akauelewa mchezo. "Binti yangu hajui kupika," akasema, "lakini hana mdomo."

Wakacheka, wakanywa soda, bibi harusi akabebwa ndani ya beseni, na watoto wakapiga vigelegele njia nzima.

Ndoa ile ilidumu dakika kumi. Bwana harusi alimtazama mgeni, akarudi nyuma, akaja na kasi yote aliyojaliwa kobe, akamgonga, ko! Mgeni naye akajibu, ko! Mara bwana harusi yuko chali, miguu juu, jua linamchoma tumboni. Mama mzee akatoka chumbani akipiga kelele, "Jamani njooni, wanauana!" Nyumba nzima ikakimbilia uani.

Siku ya pili hivyo hivyo, na ya tatu. Kobe wa marehemu akagoma kula. Sasa fundi akaingiwa na hofu, maana kobe yule ndiye kumbukumbu ya baba yake, na kobe akipinduliwa juani asiwepo wa kumwinua, ndiyo basi tena. Akamwita mshenga, kama tunavyofanya ndoa ikileta matata. Mshenga akamgeuza bibi harusi, akamtazama tumbo. Akamgeuza bwana harusi. Matumbo yote mawili yamebonyea kwa ndani.

"Bwana fundi," akasema, "bibi harusi wako ni dume. Na nikwambie kitu, kobe hana shida ya upweke. Kukaa peke yake ndiyo raha yake."

Mzee mwenye kobe alikuwa amesafiri, harudi mpaka mwisho wa mwezi. Basi fundi akaugawa ua kwa ubao, kila kobe na upande wake. Na ubao wa fundi yule mnaujua. Lakini kesho yake jioni, ko! ko! ko! Mama anaita, "Njooni, wameanza tena!" Wanafika, ubao uko chini. Fundi akaukaza kwa mawe. Kesho yake uko chini. Akapigilia kigingi. Chini! Majirani wakaanza kumtania, fundi gani huyu anashindwa na kobe?

Ikawa kila jioni nyumba nzima iko uani. Huyu kamshika kobe wa kwanza, yule kamshika wa pili. Watoto wakaleta mkeka. Mke akaleta birika la chai. Mama akawasimulia jinsi marehemu alivyomwokota kobe akiwa mdogo, akamficha kwenye kofia ili mkewe asimgombeze. Wakacheka mpaka giza likaingia.

Jioni moja fundi akawahi kurudi, akanyata kupitia mlango wa nyuma, amkamate huyo mharibifu wa ubao wake. Akamwona nani?

Mama yake. Ameinama, mkono mmoja kiunoni, anang'oa kigingi. Akaulaza ubao chini taratibu. Kobe wote wawili walikuwa wakitafuna mchicha, hakuna hata anayemtazama mwenzake. Mama akakaa kwenye kigoda, akatoa vifuu viwili vya nazi chini ya khanga yake, akavigonganisha, ko! ko! ko! Kisha akapaza sauti, "Jamani njooni, wameanza tena!"

"Mama! Kumbe ni wewe?"

Mama akaona haya, vifuu bado viko mkononi. "Nisamehe, mwanangu. Ubao wako ni imara, sina neno nao. Lakini hawa wakiacha kugombana, hamtakuja tena huku nyuma."

Fundi alikaa chini palepale kwenye vumbi. Mwaka mzima alimwona kobe mlangoni, akamhurumia, akamtafutia mke kwa mshenga na soda. Hakuwahi kujiuliza ndani ya ule mlango kuna nani.

Naona kicheko kimekatika. Mwisho wa mwezi ulipofika, kobe wa pili alirudishwa kwao. Mkeka ulibaki uani.

Sasa ni sisi, ndugu zangu. Sisi si watu wabaya. Tunajenga chumba, tunatuma dawa, tunapeleka sahani ikiwa ya moto, tunaifunika, tunaondoka. Je, kwako ni nani anayegonga vifuu? Ni yule baba anayekupigia simu kila wiki kwamba bati linavuja, ukatuma fundi, fundi hakuona tundu? Ni shangazi ambaye goti lake linapona ukikanyaga tu mlangoni? Nasi tunanung'unika, "Mzee huyu naye, anasumbua!" Hasumbui. Anakuita kwa kitu pekee ambacho amekwisha kuona unakijia.

Mnadhani mimi simo? Mama yangu ana redio mbovu. Nimempelekea mpya, ikaharibika. Nikampelekea nyingine, nayo ikaharibika. Zimefika tatu sasa, zote kwa mkono wa mtu mwingine. Juzi, nikiwa nawaandalia maneno haya, nikaweka kalamu chini.

Basi ibada ya pili leo ataiongoza mwinjilisti. Mimi nakwenda kuisikiliza redio.