Kifaru Apiga Hodi Kwake

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kupigiana hodi, kiangazi kilikausha vijito vyote. Ikabaki chemchemi moja tu, nayo ilikuwa uani kwa Kifaru.

"Hanywi mtu hapa bila kunisalimu kwa adabu!" alifoka.

Na adabu, kwa Kifaru, ilikuwa ya kwao tu: hodi, magoti chini, shikamoo.

Mama Swala akaja na mwanawe, ulimi wa mtoto umekauka kama gome. Akanyoosha pua aguse pua ya Kifaru, maana kwao husalimiana hivyo.

"Unaninusa? Mimi? Toka!"

Korongo akatandaza mabawa, akacheza, akainama. Salamu kamili ya ukoo wake!

"Mwendawazimu! Toka!"

Kindi aliyaona yote kutoka mtini. "Ala! Kwani salamu ni mali yake?" Akamnong'oneza Mama Swala, "Usiende mbali, dada."

Akashuka, chap! "Hodi, hodi!"

"Karibu!"

Magoti chini. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu! Huyu kalelewa! Kunywa."

Kindi akanywa, kisha akaaga.

"Nenda salama," akasema Kifaru.

Kindi akashika kiuno. "Peke yangu? Kwenu mgeni hasindikizwi?"

Kifaru akababaika. "Husindikizwa."

"Mwenye adabu kama mimi, mpaka wapi?"

"Mpaka... mpaka kilimani!"

Tifu! Tifu! Wakaenda. Kila Kifaru alipotaka kugeuka, Kindi aliuliza, "Na shangazi yako, hajambo?" Angeachaje kujibu? "Na wajomba? Na mashemeji?"

Huku nyuma, mtoto wa Swala alikunywa, gugu-gugu-gugu, mpaka akaruka. Mama Swala, Korongo na wanyama wengine wote wakanywa.

Kifaru aliporudi akihema, akakuta ua umejaa. Kindi, aliyepita juu kwa juu mitini, ameketi uzioni.

"Nyie! Mbona hamnisalimu?"

"Mzee," akasema Kindi, "kwenu nani husalimu kwanza, aliyeketi au anayefika?"

Kifaru akakiri:

"Anayefika."

"Basi tunakusubiri."

Kisha sauti ndogo, ndogo kabisa: "Hodi."

"Karibuuu!"

Mtoto wa Swala akamwendea, akainua pua. Kifaru akaisogeza pembe kando, polepole, akainama. Pua ikagusa pua.

Adabu, watoto, ni ya kumpokea mwenzako, si ya kumfungia mlango.