Diwani Kwenye Mizani

Diwani Mbaruku, mtu wa tumbo lililotangulia kufika kila mkutano, alimbana mkunga Bi Somoe: "Sitasaini ruzuku ya wajawazito na wachanga mpaka niwemo kwenye orodha ya wanaopokea."

"Hilo tu, mheshimiwa?" Bi Somoe akaandika. "Wafadhili wakiita majina, itika kwa sauti."

Wafadhili walipofika zahanati na kumwita, diwani aliitika, akajitokeza mbele ya kina mama, kifua kimetuna.

"Karibu," alisema Bi Somoe, akitundika kikaptula cha kupimia watoto kwenye ndoano ya mizani. "Tumbo lilinitatiza kidogo, lakini nimekuandika kwa wachanga. Vua suruali, tuone kama unaongezeka."

"Nifute!" alinong'ona diwani.

"Saini kwanza."

Akasaini kwa mkono mmoja, wa pili umeng'ang'ania mkanda.