Kibaba cha Hatibu na Kibaba cha Mwanasiti

"Uliza kibaba cha nani, ndipo uhesabu vibaba."

Mzee Makame, mwalimu mstaafu, aliwatupia vijana methali hiyo alipowakuta wakibishana juu ya lita na mililita. Walipomuuliza chimbuko lake, akawaeleza kuwa ilianza hivi.

Palikuwa na mjane aitwaye Mwanasiti, mpika sabuni. Kanuni aliirithi kwa shangazi yake: vibaba sita vya mafuta ya nazi kwa viwili vya maji makali ya jivu. Siku moja mkunga, Bi Nuru, akamwagiza chungu kizima cha sabuni ya kuogeshea vichanga. Mwanasiti alikuwa ameishiwa mafuta, akanunua vibaba sita kwa Hatibu, mkamuaji aliyehamia karibuni. Maji ya jivu akayapima mwenyewe nyumbani.

Sabuni ilipopoa, aliijaribu mkononi mwake kwanza. Ngozi ikamwaka kama iliyopakwa pilipili. Akanawa upesi, huku akiwawazia vichanga watakaoogeshwa na Bi Nuru. Akashika njia hadi kwa Hatibu.

"Ndugu yangu, mafuta yako umeyatia nini?"

"Sikuyatia kitu, dada. Nilikupimia vibaba sita vilivyojaa, nawe unaona."

"Niliona, tena nikahesabu. Hebu nikitazame hicho kibaba."

Hatibu akatoa kifuu chake. Mwanasiti akakijaza maji, akayamimina katika kibaba alichokuja nacho. Hakikujaa. Wakarudia mara kadhaa: vitatu vya Hatibu vilijaza viwili tu vya Mwanasiti.

"Kumbe sita vyako kwangu ni vinne!"

"Lakini kwetu hiki ndicho kibaba," Hatibu akajitetea.

"Na kwetu ni hiki. Wewe hukunidanganya, nami sikukosea kuhesabu. Nimepungukiwa viwili vyangu vya mafuta, ndiyo maana maji ya jivu yakazidi ukali; basi nipimie vitatu vyako."

Aliyaongeza mafuta chunguni, akapika upya, akikoroga mpaka mkono ukafa ganzi. Kesho yake akajipaka tena, akangoja. Ngozi ilibaki baridi na laini. Alicheka peke yake jikoni.

Bi Nuru alikichukua chungu chake, na wiki ile ile akawaogeshea pacha. Habari zikaenea. Wanawake wakaja kujifunza, kila mmoja na kibaba cha kwao, na mmoja akaanza kuchota mafuta huku akihesabu kwa sauti. Mwanasiti akamshika mkono, akamwambia kwa upole:

"Mwanangu, uliza kibaba cha nani, ndipo uhesabu vibaba."